Mahindi Niliyowalisha Panya

Mpendwa mshauri, nisaidie, maji yamenifika shingoni, mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu kupasua panya wa mashambani na kuangalia kwa hadubini wamekula nini, tukiona wameacha kula nyasi na wadudu na kuhamia kwenye mahindi tunawaonya wakulima mapema, sasa juzijuzi karanga za chambo ziliisha, nikaona uvivu kwenda stoo, nikatega kwa mahindi yaliyopondwa na wala sikuandika popote, kupasua nakuta matumbo yamejaa mahindi matupu, mkuu wangu akatangaza wakulima wasipande kwanza, panya watafukua kila mbegu, nao wakatii, akiwemo mama mkwe wangu ambaye shamba lake ndilo linalotulisha, mvua nzuri imenyesha siku tisa yeye amekaa na gunia la mbegu mlangoni, kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, tupande?" nami namjibu, "Bado, mama," Mungu anisamehe, kwa sababu nimeshatega upya kwa karanga, panya ishirini na sita, sikukuta hata chembe ya mahindi, nikamweleza mkuu ukweli wote, akafunga mlango akasema, "Tangazo lina sahihi yangu. Nyamaza," hivi kweli, mshauri, mtu mzima na elimu yake yote anaona aibu yake ni kubwa kuliko njaa ya watu? Nina hasira hata chakula hakipiti. Nimfanyeje mtu huyu?

Mpasua Panya

JIBU

Pole, mwanangu. Mkuu wako ni mkaidi, tena hana haya. Lakini nyani haoni kundule! Chambo aliweka nani? Uliwalisha panya mahindi kwa mkono wako, kisha ukawashitaki kwa kula mahindi, na leo unaniuliza umfanyeje mwenzako.

Kinachonichemsha damu zaidi ni hiyo "Bado, mama". Mwanamke anakuita mwanangu, anakulisha, nawe unamtazama usoni unamdanganya huku mvua yake inapotea. Mkuu alikufunga mdomo kazini. Nyumbani amekufunga nani?

Kesho asubuhi andika karatasi moja: tarehe, mitego uliyotega kwa mahindi, na ulichokikuta kwa wale panya ishirini na sita. Weka jina lako, maana kosa ni lako. Nakala moja mpe mkuu, nyingine mpelekee mwenyekiti wa ushirika wa wakulima siku hiyohiyo, na usiombe ruhusa ya mtu. Usitie chumvi, wala usiwaahidi kwamba panya hawatagusa shamba. Sema ulichokiona, basi. Unaogopa kufukuzwa, najua, na huenda ukafukuzwa kweli. Kazi nyingine utatafuta. Msimu ukipita, wale wakulima wataupata wapi?

Ila kwa mama mkwe usingoje kesho. Weka gazeti hili chini, nenda sasa hivi ukamwambie kosa ni lako na siku tisa zake umezila wewe. Atakufokea, na ana haki. Usijitetee. Akimaliza, jitwishe gunia, mtangulie shambani.