Kikwembe ya Papa Kesho

Ya Kalonda, kaka yangu mukubwa,

Kwanza nikuambie vile habari ya kifo yako ilifika kwetu Mangobo, maana ungecheka mpaka kukaa chini. Mama mumoja jirani alikuja mbio asubuhi, analia: "Papa Kesho amekufa!" Watu wote kwenye bomba ya maji wakacheka. "Papa Kesho afe leo? Yule? Atakufa kesho!" Mimi pia nilicheka, ndoo kichwani. Halafu nikaona uso ya yule mama, na ndoo ikaanguka.

Hata makaburini watu walikuwa wanangoja uinuke. Mulevi mumoja alisema mbele ya padri: "Bon, inatosha, toka sasa."

Ni kosa yako. Miaka yote ile, kila Jumamosi kwenye televisheni, wewe bwana, mimi bibi. Nakuomba kikwembe mupya ya kuvaa, na wewe, ndani ya ile koti ya abacost inayokubana tumbo, unajibu: "Kesho, mama, kesho." Basi. Fundi wa nguo mwenye mashini yake kule mutaa wa Simi-Simi, ukajulikana muji muzima kwa neno moja! Kwenye animation, ile ngoma ya kusifu chama, walikufukuza, juu ulikuwa unakata kiuno nyuma ya wengine na watu wanacheka katikati ya wimbo ya sifa. Televisheni ndiyo ilikuokota.

Unakumbuka commissaire wa serikali alipokuita? "Citoyen, hiyo kesho yako, unasema juu ya nani? Juu ya serikali?" Mimi nilitetemeka mpaka kilemba ikafunguka. Wewe polepole: "Juu ya bibi yangu, citoyen commissaire." Akakuuliza sasa ile kikwembe utamupa lini. Ukakuna kichwa. Akajibu yeye mwenyewe: "Kesho!" na akacheka mpaka machozi. Mungu wangu, siku ile tulirudi nyumbani kwa neema tu.

Alors, matanga. Wamama wa soko walinishika mikono, wakanikalisha kwenye mukeka ya mujane, wakanifunga kitambaa nyeusi. Nasema: "Wamama, mimi ni bibi wa televisheni tu!" Wananijibu: "Lia, mama, usijizuie." Na Feza, bibi yako wa kweli aliyekuzalia watoto, anatoka ndani, anakuta nafasi haiko. Wakamwambia asogee kidogo, amuache mujane apumue. Feza aliniangalia tu. Akaenda kukaa karibu na majiko, pamoja na masufuria.

Ya Kalonda, kitu niliogopa kilikuwa kimoja: Feza aseme nilimwibia bwana akiwa hai, na sasa namwibia hata maiti. Nilikupenda, nasema wazi, vile mutu anapenda ndugu anayecheka naye. Nilitaka kukulilia, lakini si kwenye mukeka yake. Tangu siku ile, tukikutana njiani, anageuza uso. Iliniuma sana.

Halafu mukubwa wa televisheni akaniletea bwana mupya, kijana wa ofisi aliyeweka muto wa kitanda chini ya shati awe na tumbo kama yako, udongo ya kaburi yako hata haijakauka. Nikasimama mbele ya kamera nimwite "papa", mudomo ikakataa. Nikalia, kulia ya kweli. Mukubwa anapiga makofi: "Très bien! Endelea hivyo!" Kesho yake sokoni, wote wameona televisheni, hakuna mama aliyekubali kuniuzia majani ya pondu. "Unaolewa matanga haijaisha? Haya, huyo bwana mupya akuchumie majani." Nilikula wali kavu, ya Kalonda. Juu yako.

Siku ya kutoa matanga, wakati wafiwa wanaacha nguo nyeusi na kuvaa mupya, sikuenda. Nilijifungia kwangu, bado na kile kitambaa. Ningekaa wapi?

Feza akaja mwenyewe. Hodi hakupiga. Alitupa kikwembe kwenye kitanda: "Vaa." Ilikuwa sawasawa na yake, ndege wale wale, kijani ile ile, vile wanawake wa nyumba moja wanavaa siku ya sherehe. Akakaa, akapumua.

"Unafikiri kwangu alikuwa anasema nini? Bwana fundi, na bibi anavaa viraka! Mimi pia ni kesho, kesho. Nimechoka kungoja. Nimenunua, nimekata mbili."

Tukacheka. Tukalia. Akanifungua kile kitambaa nyeusi kwa mikono yake mwenyewe.

Tulipita sokoni tumeshikana. Yule mama wa pondu alituona, akasimama juu ya kiti chake na kupiga kelele kwa nguvu: "Eeh! Kesho imefika!" Soko nzima vigelegele. Pondu nilipewa bure, na mafuta nyekundu ya mawese juu.

Sasa nimemwambia mukubwa bwana mupya simutaki. Nataka Feza: wajane wawili wa mutu mumoja, kila Jumamosi. Amekubali. Nikakimbia kumwambia Feza. Akakuna kichwa vile ulikuwa unakuna, akasukuma tumbo mbele:

"Kesho, mama, kesho."

Ni wewe kabisa! Nilianguka kwa kicheko, halafu nikalia tena.

Lala vizuri, ya Kalonda. Nakuahidi: huyu nitamuuliza kila siku mpaka akubali. Na nikija kukuona kaburini, nitakuja na ile kikwembe, uione. Si kesho. Leo hii, navaa viatu.

Bibi yako wa Jumamosi