Maneno Yangu Uliyowapa Vibarua

Mpendwa Baba Nekesa,

Watu wako wa Lumakanda wameniomba niandike habari zako, zisomwe siku ya kufungua ukumbi wao mpya. Nimekubali, ila nimewaambia sitaandika juu yako. Nitakuandikia wewe, wao wakae wasikilize. Miaka yote hiyo walikusikiliza bila kuniomba ruhusa, hawatashindwa leo.

Nianze na lililo moyoni. Bado nina wivu. Nilidhani mtu akizikwa, wivu juu yake huzikwa naye. Kumbe sivyo. Mwanamume aliye hai unaweza kumnunia, akaona, akakubembeleza. Wewe sasa nitakununia vipi?

Unakumbuka lile behewa tulimojuana, garimoshi likitoka Kisumu kwenda Butere? Nilikuwa natoka kumsalimu shangazi, na nilikuwa nikimsimulia mama mmoja tuliyeketi naye jinsi jogoo wa shangazi alivyomkimbiza katekista hadi akapanda juu ya meza. Wewe ulikuwa umeketi mbele yetu, umegeuza uso dirishani, unajifanya unaangalia mashamba. Lakini mabega yako yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Tulipofika Butere ukanibebea kikapu bila kuombwa, ukasema, "Wewe mambo haya ungeyaandika." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Wasichana wenzangu waliambiwa wana macho mazuri. Mimi nikaolewa kwa sababu ya sentensi moja.

Tukapata nyumba mtaa wa Amalemba, mjini, nawe ukapata kazi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Nekesa akazaliwa. Wazo la mimi kuandika likapotelea katikati ya nepi na moshi wa jiko, na wewe hukulitaja tena. Sikukulaumu. Nilijua tutalirudia.

Kisha bendera ikabadilishwa, na ofisi ikakutuma Lugari, upande wa Lumakanda. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yakikatwa vipande na kupewa watu wetu, na kila mtu alikuwa akizungumza juu ya wenye vipande. Wewe ulitumwa kwa wale ambao hawakuzungumziwa: vibarua waliobaki katika vijumba vya mashambani, watu kutoka Bugisu ng'ambo ya mpaka, Teso, Kisii, wengine hata Tanganyika. Walikuwa wamepanda na kuvuna mahindi ya Mzungu hadi wakazeeka, na sasa hawakujua kama mwenye shamba mpya atawaacha au atawafukuza. Kazi yako ilikuwa kuwafundisha kusoma. Lakini walipojua kusoma, ukawaambia waandike mambo yao wenyewe. Walipoandika, ukawaambia wasimame wayaigize. Ghala la mahindi likawa jukwaa, nawe ukaacha jina la karani, ukaitwa Mwalimu.

Ukaanza kwenda hata Jumamosi, siku ambayo ofisi haikukutaka. Ulikuwa ukirudi Jumapili jioni, viatu vimejaa udongo, mdomo umejaa majina. Hamisi wa Tabora ametunga wimbo wa kupukuchua mahindi. Fulani ameandika barua kwa mamake aliyemwacha akiwa mtoto. Nilikuwa nakupakulia obusuma na mboga, nawe unaongea huku tonge limesimama mkononi, linapoa. Jirani yetu, Mama Shikuku, alinihurumia. Mume wake alikuwa akichelewa kwenye pombe, akadhani shida yetu ni moja.

"Ni mwanamke?" akaniuliza.

"Afadhali angekuwa mmoja," nikamjibu. "Ni ghala zima."

Baadaye likaja jina la Perpetua. Perpetua kutoka Bugisu, mchuma mahindi, mjane. Perpetua ameandika mchezo. Perpetua ana sikio. Perpetua akisoma, hata watoto wananyamaza. Mimi nilikuwa nakuuliza swali moja tu, "Ana umri gani?" nawe unanijibu, "Sijui, sijamuuliza," kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. Hilo ndilo lililonichoma. Kama ungemwangalia mwili, ningejua pa kupigania. Wewe ulimsikiliza. Kile ulichonipa mimi kwenye garimoshi, ulikuwa ukimpa yeye kila Jumamosi.

Ndipo siku moja nikakuambia, umesimama mlangoni: "Umeniletea matope ya watu nyumbani kwangu, lakini wewe mwenyewe umebaki huko." Ukacheka kidogo, ukaingia. Nilidhani neno limekuingia. Lilikuingia kweli, lakini si mahali nilipotaka.

Siku ya mchezo wa Perpetua hukunialika. Ulisema njia ni mbaya kwa mtoto. Nikamfunga Nekesa mgongoni, nikapanda lori la mahindi. Nilipofika, ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Vibarua walikuwa wameketi chini. Kwenye viti walikuwa wenye mashamba wapya na wake zao, na afisa mmoja wa ugawaji wa mashamba. Nikasimama nyuma, nikamtafuta. Nilikuwa nimemwomba Mungu ampe sura mbaya. Hakuniitikia. Perpetua alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alipofungua kinywa hata mimi niliacha kupumua.

Mchezo ulikuwa wa kibarua aliyerudi kwao baada ya miaka mingi ya kazi ya mbali. Perpetua alikuwa mke wake. Mume akaingia, akaweka mzigo chini. Mke akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema polepole:

"Umeniletea matope ya watu nyumbani kwangu, lakini wewe mwenyewe umebaki huko."

Ghala lote likaguna. Wanawake wakapiga makofi. Mimi damu ikanipanda. Baba Nekesa, lile lilikuwa neno la mlango wangu! Nililisema nikiwa na uchungu wangu, nawe ukalibeba kama yai, ukaenda kumkabidhi mwanamke mwingine.

"Hayo ni maneno yangu!" nikapiga kelele.

Watu wakageuka. Nikakuona kando ya jukwaa, umeshika kichwa. Wengine walicheka, wakidhani mimi ni sehemu ya mchezo. Perpetua hakucheka. Alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akajua. Lakini hakutoka katika mchezo.

"Mulembe, mama," akanisalimu. "Kama ni yako, basi malizia. Mimi nilifika hapo nikakwama. Huyu mwanamke anasemanga nini baadaye?"

Ningeweza kutoka. Miguu ilikataa. Nikapita katikati ya watu, wakinipisha, nikasimama mbele ya yule mwanamume wa mchezo, kibarua wa watu ambaye hakunikosea lolote.

"Mwambie avue viatu," nikasema. "Avue, aketi, aseme amekula kwa nani."

Wakacheka hadi mabati yakalia. Nikangoja watulie. Kisha likanitoka lingine, ambalo hata wewe nilikuwa sijakuambia.

"Na mwambie mtoto amejua kutembea, na yeye hakuwepo."

Hapo hakuna aliyecheka. Niliwaona wanaume wa Teso na wa Kisii wameinamisha vichwa. Hamisi alifunika uso kwa kofia. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto mahali fulani aliyejua kutembea bila yeye. Hata mmoja wa wake wa wenye mashamba alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Nilikuwa nimekuja kuchukua mali yangu, na mbele ya macho yangu ikawa yao.

Njiani kurudi sikukusemesha. Tulipokaribia mjini ukaniuliza kwa sauti ya mtu anayekanyaga miiba, "Lile la mtoto kutembea, libaki kwenye mchezo?"

"Muulize Perpetua," nikasema.

"Nimemuuliza. Amesema nikuombe wewe."

Likabaki. Wakaucheza mchezo ule Lumakanda siku ya soko, na baadhi ya wenye mashamba wakakubali vibarua wao wasihamishwe. Si wote. Mwenye shamba alilokaa Perpetua alisema ana ndugu zake wa kuwaweka. Nilikuwepo alipopanda lori kurudi kwao. Nilidhani nitafurahi. Lakini wewe ulisimama barabarani hadi vumbi likatua, na mimi nikauonea wivu hata huo usimamaji wako.

Homa ya mapafu ilipokuchukua miaka michache baadaye, wakati wa mvua, vibarua walikuja kijijini kwenu kwa miguu na kwa malori. Kaka zako walitaka nyimbo za kanisa peke yake, wakasema matanga si mahali pa michezo. Wakanigeukia. Nikawaambia, "Nyimbo za kanisa mtaimba, na wao watacheza. Lakini maneno nitatunga mimi." Nikatunga pale pale, chini ya paa la jikoni la mama yako, kuku wakipita miguuni. Nilikuwa sijatunga kitu tangu shule. Nilikuwa na hasira, Baba Nekesa, na hasira iliandika vizuri.

Perpetua naye akafika kutoka ng'ambo ya mpaka. Akanikumbatia, akalia kwa sauti, akilia vizuri kuliko mimi, kisha akauliza sehemu yake ni ipi.

"Chagua yoyote," nikamwambia. "Ya mke naicheza mwenyewe."

Akakuchagua wewe. Akavaa koti lako. Kabla ya kusema akasugua sikio la kushoto kwa kidole, kama ulivyokuwa ukifanya, na waombolezaji wakapiga kelele kwa mshtuko. Nikashikwa na wivu upya, palepale mbele ya jeneza. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona jambo la sikio. Kumbe ghala zima lilijua.

Sasa mimi ndiye ninayekwenda Jumamosi. Walinifuata Amalemba wakaniomba, nikakubali haraka, kwa maana sikutaka aombwe mwingine. Wanaandika vizuri. Hamisi amemaliza hadithi ya baba yake, na tunagombana kila wiki kwa sababu hataki nifute neno. Nekesa hukaa nyuma na kuwasahihisha herufi bila adabu. Siku nyingine, mtu akisoma kitu kizuri sana, nageuka nikuonyeshe, kisha nakasirika kwamba umekikosa.

Juzi alikuja mgeni, kijana wa Kisii aliyeajiriwa kuvuna. Aliwasikia wakikutaja kila mara, akaniuliza, "Huyo Mwalimu alikuwanga mtu wa namna gani?"

Nikamwambia awaulize wenzake. Nao wakamweleza, mmoja baada ya mwingine, hadi mwanga ukaanza kupungua. Nilisikiliza yote. Hawakukosea hata moja. Na nilikuwa nikihesabu moyoni yale ambayo hawakuyajua, nikaona bado ni mengi, nikatulia.

Yale sikumwambia. Wala humu sikuyaandika, maana barua hii itasomwa kwa sauti, na watu wako wana tabia ya kuchukua maneno.

Lala, Baba Nekesa. Hayo ni yangu.

Mkeo,
Mama Nekesa