Ukurasa wa Mwisho Ulikuwa Wako

Mama yangu kipenzi,

Nimeolewa! Unajua, wewe ndiwe uliyeanza kunishonea gauni, lakini acha niseme tena, maana hata mimi najiambia kila asubuhi nikiona kichwa cha Wafula kwenye mto. Tunakaa mtaa wa Jamhuri sasa. Ananipikia chai. Anaimba akiosha vyombo, anaimba vibaya kabisa, nami nasimama mlangoni kumsikiliza kama mjinga. Furaha ikinijaa hivyo mkono wangu unatafuta simu nikupigie, ndipo ninakumbuka.

Juzi aliniletea vitabu. Orodha ya vitabu vya watoto vinavyowania tuzo ya mwaka huu imetoka, akapitia mjini baada ya kazi, akanunua vyote vitano na kuvifunga kwa utepe. Alidhani nitarukaruka. Nilikaa chini nikalia.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unafunika cherehani yako pale Waithaka, unavaa sweta la kijani, tunaenda zetu mjini kuvitafuta. Tulianza nikiwa shule ya msingi, na hatukuacha hata nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi. Msichana wa duka la vitabu alikuuliza siku moja, "Mama, hivi ni vya watoto. Wako ako darasa la ngapi?"

"Mtoto ni mimi," ukamjibu. "Na huyu mrefu ni mwenzangu."

Kila kitabu ulikipima kwa chakula. "Wametembea milima yote hiyo na hakuna mtu amepika? Kwani hawa hawana tumbo? Hiki hakishindi." Kila mwaka ulichagua chenye mapishi mengi, na kila mwaka kikashindwa. "Majaji walikuja wameshiba," ulisema, ukakata uzi kwa meno.

Na sheria yetu je? Kila mtu asome kivyake, lakini sura ya mwisho isiguswe mpaka tuwe pamoja. Tuisome kwa sauti, ukurasa wangu, ukurasa wako, na ule wa mwisho kabisa uwe wako kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa. Ulisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alama yako ilikuwa uzi wa nguo uliyokuwa ukishona siku hiyo. Bluu, sare za shule. Nyekundu, kanzu za kwaya.

Mwaka jana tulimaliza vinne. Cha tano, kile cha msichana anayefuga bata kwenye roshani ya ghorofa, tulifika sote mlangoni pa sura ya mwisho, tukapanga tuisome Jumapili baada ya kanisa. Ijumaa ukaanguka ukiwa kazini, na hospitalini hatukufika nawe ukiwa hai.

Ndani ya kitabu hicho nilikuta uzi mweupe. Ulikuwa wa gauni langu.

Mama Njeri, jirani yako, ndiye aliyemalizia pindo. Nililivaa gauni, Mama, na watu walisema nimependeza. Lakini kitabu sikukifungua tena. Nitaanzaje vipya na kile hakijaisha? Na nikikimaliza bila wewe, basi umekwenda kweli.

Hayo ndiyo niliyomwambia Wafula huku kamasi zikinitoka. Hakuniambia ninyamaze. Alikwenda akakitoa kabatini.

"Mimi siwezi kuwa Mama," akasema. "Lakini mlikuwa mnafanya aje? Nionyeshe."

Tukakaa kwenye kochi tukasoma, ukurasa wangu, ukurasa wake. Anasoma kama mtangazaji wa mpira, ungemcheka mpaka ushike mbavu. Bata amepotea, msichana anabisha mlango baada ya mlango akimuulizia, na katika mlango mmoja anapewa maandazi ya moto. Maandazi, Mama! Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Ulipobaki ukurasa mmoja Wafula akaniangalia. "Huu ni wa nani?"

"Wa Mama."

Akaweka kitabu wazi katikati yetu, akaondoa mkono wake. Mimi nikaangalia dirishani. Tukanyamaza kwa muda wako wewe, ule wa kidole kinachofuata mstari, na nilipojua umefika chini nikakifunga bila kutazama.

Kwa hiyo sijui kama bata alipatikana. Unajua wewe, na sitamuuliza mtu mwingine.

Hakikushinda, Mama. Maandazi yote yale na bado majaji walikuja wameshiba.

Uzi wako mweupe nimeuhamishia kitabu cha kwanza cha mwaka huu. Wafula anakisoma pia, tumekubaliana tusubiriane. Niko sura ya pili. Wamesafiri tangu alfajiri, jua linazama, na mpaka sasa hakuna aliyepika.

Pumzika, mama yangu. Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwenzako mrefu,
binti yako, Nekesa