Povu la Musherekha

Nairobi, 4 Juni 1994

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Shinyalu. Goti lako linaendeleaje?

Mama, kaa chini kwanza! Dereva wa lori letu anakuletea mtungi wa salfoniki, asidi nzito ya rangi ya kahawia ambayo hapa kiwandani tunatengenezea sabuni ya maji. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya kisima yenye chokaa inaganda. Hii haijali, inatoa povu tu! Lakini peke yake inachoma. Lazima ipozwe kwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, nitaituma wiki ijayo.

Kikundi chenu cha akina mama kikipata kuiuzia ile shule ya bweni ya wasichana sabuni, naacha kibarua, narudi tutengeneze pamoja.

Mwanao,
Protus

Shinyalu, 20 Juni 1994

Mwanangu Protus,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti limepoa. Wewe unakula, ama ni chai tu?

Mtungi ulifika, kostiki haikufika, na mwalimu mkuu anakuja Jumamosi kujaribu sabuni kwa maji ya kisima chake. Ningefanyaje? Mboga ikiwa ngumu tunawekanga musherekha, yale maji ya jivu la maganda ya maharagwe. Jirani yetu Navalayo akachuja beseni nzima, nikamimina kwa salfoniki. Weee! Ikachemka bila moto, povu likapanda, likamwagika, likafukuza kuku! Wanawake walipiga vigelegele mpaka chifu akaja kuuliza nani anaoa.

Mama yako,
Muhonja

Nairobi, 24 Juni 1994

Mama!

Salamu baadaye. Usimpe mtu hiyo sabuni! Jivu lina magadi, linaweza kupoza asidi, lakini kuchemka si kuiva. Ikiwa asidi imebaki itababua mikono ya wasichana wa watu. Chovya ndani yake karatasi hii ya buluu niliyoweka humu, ni ya kupimia asidi. Ikigeuka nyekundu, mwaga yote, hata tukikosa shule.

Naogopa, na bado nacheka. Msimamizi ameniuliza kama ni malaria.

Mwanao,
Protus

Shinyalu, 29 Juni 1994

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tuko salama, na zaidi ya salama!

Barua yako imefika jana, mtihani ulishapita. Lakini mimi si mjinga. Uliponiambia inachoma nilisikia. Nilianza kufua nguo zangu mwenyewe, kama ni kuchoma inichome mimi. Siku ya kwanza vidole viliwasha. Nikaongeza musherekha kidogo kidogo mpaka vikanyamaza.

Jumamosi mwalimu mkuu akaja na maji yake na shuka chafu kweli kweli. Povu likamfika viwikoni! Anataka madebe mawili kila mwezi.

Karatasi yako nimeichovya leo. Imebaki buluu.

Sasa ahadi ni deni. Kostiki usilete.

Mama yako,
Muhonja

Nairobi, 4 Julai 1994

Mama,

Hujambo? Utanijibu kwa mdomo, maana barua hii haiendi posta. Naiandika nimekalia mtungi mpya wa salfoniki, nikingoja lori letu liwashwe. Kibarua nimeacha.

Mwambie Navalayo achuje jivu.

Mwanao,
Protus