Shangazi, Siku Hizi Hakuna Anayebisha

Mpendwa Shangazi,

Ofisi yako ya Kibeta, hapa Bukoba, bado inanukia karatasi, ingawa vitabu tunavyochapisha sasa ni vichache mno. Nikikalia kiti chako nakuona na miswada kwapani, tunapanda basi kwenda nyumbani Muleba. Wachapishaji wengine husoma kimya. Wewe uliwasomea kwa sauti akina mama waliokuwa wakimenya ndizi kibanjani, chini ya migomba, nami nikikugeuzia kurasa. Wakipiga miayo, ulikata sehemu hiyo. Wakiweka visu chini na kubisha, "Waitu, jamani, huyo anatudanganya! Bibi harusi gani anasema hivyo?", mwandishi alirudishiwa kazi yake. Ulikuwa ukirudi Bukoba unacheka peke yako.

Unamkumbuka Mwalimu Rwegasira, uliyemrudishia riwaya yake hadi akakununia? Baada ya wewe kututoka aliiweka mtandaoni mwenyewe. Majuzi alikuja ofisini, simu mkononi, uso umechangamka.

"Mwanangu, nyie wachapishaji tumeshawapita. Watu wanaipakua hadi Dar!"

Nilimfurahia kwa dhati. Wangapi tuliwakatalia kwa sababu tu karatasi ilikuwa ghali?

Kisha nikaisoma. Inakatika bibi harusi akiwa bado ndani kwa baba yake, analia. Nikamfuata Muleba kumuuliza kama alikusudia hivyo. Akatoa mswada wake, akalinganisha na simu. Sura nzima ya mwisho haikuingia.

"Kumbe katika wote hao," akasema, "hakuna aliyefika mwisho."

Shangazi, niliumia. Hasira yangu ilikuwa kwamba hupo, na kwamba zile safari za Muleba zilikufa pamoja nawe. Siku hizi nami nasahihisha kwenye kompyuta, peke yangu, mlango umefungwa.

Nikamwomba nimsomee ile sura. Alileta kahawa ya kutafuna, tukakaa kibanjani. Wale mama hawapo. Wengine wametangulia, wengine wamechukuliwa na watoto wao Mwanza. Nilisoma kwa sauti, polepole, kama wewe, mpaka bibi harusi akatoka.

"Ni nzuri?" akauliza.

"Ni nzuri, Mwalimu."

"Basi bisha kidogo, mwanangu."

Nilijaribu, Shangazi. Miaka yote ile niligeuza kurasa tu, sikujua pa kuanzia.

Pumzika. Nimekukumbuka sana.

Mwana wa kaka yako