Lango la Kabiru

Nairobi, 4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumai u mzima na goti limepunguza maumivu. Mimi sijambo. Unasema maneno ya simu hupeperuka, kwa hivyo nakuandikia.

Filamu ya Baba imebakiza mwisho. Unakumbuka jioni ile ya Novemba: alikuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa, na mkanda ukaisha kabla hajafika langoni. Tulisema tutarudi Januari kumalizia. Januari tukarudi kumzika.

Irungu, anayegharamia filamu, ana vijana wanaoweza kumtengeneza Baba kwa kompyuta aingie nyumbani. Mdogo wangu Linah ataleta barua hii akitoka chuoni Chepkoilel, akuonyeshe jaribio lao kwa simu yake. Ukikubali, tunamaliza.

Mwanao,
Wanja

Ziwa, Eldoret, 11 Machi 2025

Mwanangu Wanja,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, lina kichwa kigumu kama wewe. Tumeshalima, tunangoja mvua.

Huyo mtu nimemwona. Koti ni la baba yako, kofia pia. Ila amepita langoni akaliacha wazi kama mgeni. Baba yako Kabiru ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia kila jioni, na kufunga lango ilikuwa kazi yake, hakuna mwingine aliyeligusa komeo lile. Tangu tumzike liko wazi. Ng'ombe wa jirani Kipkemboi wanaingia kama kwao, na mimi siligusi.

Sikubali. Mwambie Irungu hivyo hivyo, usilainishe.

Mama yako

Nairobi, 20 Machi 2025

Mama,

Hamjambo huko? Nimesikia mvua imeanza.

Wamerekebisha. Sasa anafunga lango, anatia komeo, hata anatikisa kuhakikisha, vile vile alivyokuwa akifanya. Hakuna atakayejua. Irungu anasema kosa ni langu: yeye alitaka kamera ya dijitali, ambayo ingeendelea kupiga mpaka Baba aingie ndani, mimi nikang'ang'ania mkanda. Asipopata mwisho huu anajitoa.

Na nikuambie ukweli, Mama: nami nataka kumwona akifika.

Mwanao,
Wanja

Ziwa, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Mahindi yameota.

Kama amelifunga, mbona langu bado liko wazi?

Nami nataka kumwona. Jioni nikisikia mkebe wa maziwa wa jirani ukigongana barabarani, huinuka kabla sijakumbuka. Lakini si wewe uliyemwambia baba yako mkanda haufutwi, afanye mara moja tu? Siku ile alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani kwenda kupeleka maziwa, nikamcheka sana. Akafanya mara moja, na akafanya vizuri. Usimwongezee kazi mtu aliyepumzika. Irungu akitaka mzee wa kutumwa, amtume wa kwao.

Mama yako

Nairobi, 8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Kimya changu kisikutie hofu, mimi ni mzima, na naomba kwenu iwe hivyo.

Nilimwambia Irungu kwamba mama amekataa, na mimi pia nimekataa. Ameondoka na vijana wake, na mlango aliubamiza. Yule mzee wa kompyuta nimemfuta kwa mkono wangu. Nilidhani nitalia, sikulia.

Nimebaki na kamera na mkanda mmoja mtupu wa dakika tatu. Watu watamwona Baba akikaribia lango, kisha picha ikatike pale pale ilipokatikia. Baada ya hapo sijui niweke nini. Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Usivae nguo za kanisani, nakuomba.

Mwanao,
Wanja

Ziwa, 15 Juni 2025

Mwanangu Wanja,

Sisi tu wazima, na goti linakusalimu. Njoo. Nitavaa ninachotaka, hukunizaa.

Usimame pale pale uliposimama siku ile. Nimeshamwambia Kipkemboi awaondoe ng'ombe wake mapema. Jua likishuka nitatoka barabarani na mkebe wa baba yako, nitaingia, kisha nitafunga lango.

Nitalifunga mara moja tu. Usikosee.

Mama yako