Nilipokwama Kwenye Sala

Kulwa mwanangu,

Uji wa bibi yako umo kwenye chupa ya chai. Mnyweshe kwa kijiko, taratibu, asije akapaliwa. Mama Swaumu wa jirani atakuja mmgeuze pamoja.

~~Msinitafute.~~ Nipo Kiwangwa kwa mjomba wako. Jioni nitarudi.

Asubuhi nilikuwa namsalisha Bibi kama kawaida. Nilipofika "utakalo lifanyike" ulimi ukagoma. Tangu apooze sijatoka humu ndani, sasa Mungu anataka nini tena? Bibi, ambaye hata kusema hawezi, akanishika kidole, akangoja nimalizie. Nikashindwa, nikachukua kanga nitoke.

Leo usiku anzisha sala wewe. Nikikwama tena palepale, msiniruke. Ningojeni, kama Bibi.

Mama